Okidi ya Mumeo Haina Nuksi, Ina Maji Mengi

Wiki hii kona yetu imepata barua niliyoisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikajiona mimi mwenyewe miaka ile. Imetoka Kigamboni, kwa mdogo wangu ambaye ndoa yake ina mwaka na miezi minne. Anaandika hivi:

"Shikamoo dada. Siku tulipotimiza mwaka mmoja wa ndoa mume wangu aliniletea ua la okidi, jeupe, ndani ya chungu cha kauri kizuri sana. Lilikaa na maua zaidi ya miezi miwili, kila mgeni analisifia. Kisha maua yakaanguka moja baada ya jingine. Sasa majani mawili ya chini yamegeuka njano na la tatu limelegea kama sikio la mbuzi. Namwagilia kila asubuhi bila kukosa, na nimeweka mbolea ya kuku. Jumapili alikuja wifi yangu, akalitazama, akaguna, akasema ua la ndoa kufia ndani si dalili njema. Dada, tangu siku hiyo sina raha. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na wifi ili tummalize. Mawifi wana kazi yao ya kuguna, tuwaachie. Hilo ua halijui kama mlifunga ndoa bomani, kanisani au msikitini. Na maua kuanguka baada ya miezi miwili au mitatu ni jambo la kawaida kabisa, yamemaliza zamu yake, hata mwembe hauzai mwaka mzima. Shida yako haiko kwenye maua. Iko kwenye maneno manne uliyoyaandika mwenyewe kwa kujisifu: "kila asubuhi bila kukosa."

Usione haya. Okidi yangu ya kwanza niliiua kwa mikono yangu miwili. Niliitoa kwenye vile vipande vya magome ilivyokuja navyo, nikaona huu ni uchafu gani, nikaipanda kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, ule unaootesha mchicha mpaka unafika magotini. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakalegea. Nikasema ina kiu, nikaongeza maji. Yakalegea zaidi. Siku nilipoing'oa, mizizi ilikuwa kama tambi zilizolala kwenye maji: ukiushika mzizi, ganda linatoka lote, kunabaki uzi mwembamba. Nilikuwa nimeizamisha huku nikidhani nainywesha.

MUULIZE MGENI KWAO WANAKULA NINI

Ukipokea mgeni asiyekula nyama, huwezi kumtengea mchuzi wa mbuzi halafu ukalalamika kwamba hali. Unamuuliza kwao wanakula nini. Okidi nayo tuiulize hivyo hivyo.

Kama ua lako lina majani machache mapana na manene, kikonyo kirefu kinachopinda na maua mapana meupe, uliyonayo ni Phalaenopsis, okidi inayouzwa sana duniani kwa ajili ya kupamba nyumba. Jina hilo lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kitu kinachofanana na nondo, kwa sababu maua yake yakiwa yamejipanga kwenye kikonyo yanafanana na nondo waliotua. Kwao ni misitu ya joto na mvua ya Ufilipino, Indonesia na nchi za jirani.

Sasa sikia jambo la maana kuliko yote nitakayokuambia leo. Huko kwao haioti ardhini. Inajishikiza kwenye vigogo na matawi ya miti, mizizi ikiwa nje, inapigwa na upepo. Wala si kupe, haifyonzi mti hata tone, inapanga tu. Mvua ikinyesha inalowa chapachapa. Mvua ikikatika, upepo unapita, na baada ya muda mfupi mizizi imeshakauka. Maisha yake yote ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka.

Ndiyo maana mzizi wake umeumbwa tofauti na wa mchicha. Umevaa koti nene kama sifongo. Likiwa kavu, koti hilo lina rangi ya fedha, jeupe la kijivu. Likinyonya maji, rangi ya kijani iliyo chini yake inaonekana, na mzizi wote unageuka kijani mbele ya macho yako. Mzizi huo unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Ukiufunika kwa udongo uliolowa, au ukiuacha umesimama kwenye maji, unakosa pumzi, unaoza. Na mzizi uliooza haunyonyi kitu. Kwa hiyo majani yanakauka kwa kiu huku chungu kimejaa maji, na mwenye ua anaona majani yamelegea, anaongeza maji. Umeona mtego ulivyo?

Haya, nenda kaangalie hicho chungu chako kizuri cha kauri. Naweka dau kwamba hakina tundu chini, na kwamba ndani yake kuna kikopo kingine cha plastiki inayoonyesha ndani. Ukikitoa utakuta maji yametuama. Hilo ndilo lililoguna kabla ya wifi.

JUMAMOSI HII FANYA HIVI

Hili ni zoezi la siku moja. Tafuta mkasi, beseni, kipande cha mshumaa au spiriti, na chungu chenye matundu. Kama huna, kile kikopo cha plastiki kinatosha, toboa matundu zaidi chini na ubavuni kwa msumari uliochomwa moto. Plastiki inayoonyesha ndani ina faida yake, utakuwa unaiona mizizi bila kufukua.

Toa mmea wote taratibu. Mizizi ikiwa imegandamana na kikopo, kiminye kwa nje mpaka iachie. Ondoa uchafu wote wa zamani, na mbolea ya kuku yote uioshe itoke, ina chumvi kali kwa mizizi ya namna hii na inaziba hewa. Katikati ya mizizi chunguza vizuri, mara nyingi kuna donge la nyuzinyuzi lililowekwa mche ulipokuwa mchanga. Donge hilo hukaa na maji siku nyingi baada ya vitu vingine kukauka. Litoe.

Sasa pitisha vidole kwenye mzizi mmoja mmoja. Mzizi mzima ni mgumu, ukiuminya haubonyei. Uliooza ni laini, wa kahawia, ukiuminya unatoa maji au unakuta mtupu. Pitisha mkasi kwenye moto au ufute kwa spiriti, kisha kata yote iliyooza mpaka ufike penye uzima. Usimwonee huruma mzizi uliokufa. Hata ukibaki na mizizi mitatu, mmea una nafasi ya kupona. Mkasi huo usiende kwenye okidi nyingine kabla ya kuuchoma tena, kwa sababu magonjwa ya virusi ya okidi husafiri kwa chuma, na hayana dawa. Pale ulipokata unaweza kugusisha unga kidogo wa mdalasini, wafugaji wengi wa okidi hufanya hivyo ili kidonda kikauke haraka. Kwenye mzizi mzima usiuweke, utaukausha nao. Kisha acha mmea wazi kivulini mpaka jioni, vidonda vifunge.

Wakati unasubiri, andaa makao. Watu huko nje hununua magome ya misonobari yaliyofungwa kwenye mifuko. Sisi wa pwani Mungu ametupa vitu viwili bora vya bei nafuu: mkaa na makumbi ya nazi. Mkaa uwe mpya, uvunje vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uuoshe mpaka vumbi liishe. Makumbi yakate vipande vidogo, yaloweke siku tatu na kubadilisha maji kila siku, maana yana chumvi na yale maji mekundu unayoyajua. Kwa hiyo makumbi anza kuyaloweka Jumatano, usije ukanilaumu Jumamosi. Changanya sehemu mbili za mkaa na moja ya makumbi. Huko kwenu kuna unyevu mwingi hewani, makumbi yakizidi yatashika maji kupita kiasi. Ukiwa na vigae vya chungu kilichovunjika au vipande vya tofali la kuchoma, tanguliza vichache chini.

Udongo? Hapana. Hata kijiko. Nimeshakueleza yaliyonipata.

Chungu kisiwe kikubwa. Najua tunapenda kununua nguo ya mtoto kubwa ili akue nayo, ila okidi haitaki hivyo. Iweke mahali ambapo mizizi inaenea kwa kubanana kidogo. Shikilia mmea mahali pale yanapoanzia majani pawe sawa na ukingo, pasifukiwe, kisha miminia mkaa na makumbi pembeni huku ukigonga chungu ili vipande vishuke vyenyewe. Usishindilie. Kama unayumba, chomeka kijiti na uufunge kwa uzi laini, maana mmea unaoyumba unavunja ncha za mizizi mipya.

Baada ya hapo kaa siku nne au tano bila kumwagilia. Najua mkono utakuwasha. Ukizidiwa, futa majani kwa kitambaa chenye unyevu.

Kile kikonyo kilichobaki kisicho na ua, kwa hali ya mmea wako kikate chote hadi chini, nguvu iliyobaki iende kwenye mizizi. Mwenzako ambaye okidi yake ni nzima na kikonyo bado kijani anaweza kuhesabu pingili tatu kutoka chini na kukata juu kidogo ya ile ya tatu. Mara nyingine hutoka tawi jipya lenye maua. Kikonyo kikikauka chenyewe, hakina hoja tena, kata.

KALENDA IWEKE KANDO

Kila mtu anayeniuliza habari za okidi huuliza, "Dada, nimwagilie mara ngapi kwa wiki?" Mimi sijui, na anayekupa namba hajaiona nyumba yako. Dar es Salaam mwezi wa pili, jua kali na upepo dirishani, mkaa unaweza kukauka kwa siku tatu. Masika yakiingia, chungu kile kile kinakaa wiki nzima na zaidi. Kalenda haijui hayo. Mizizi inajua.

Itazame kupitia kile kikopo. Ikiwa kijani, acha, bado imeshiba. Ikigeuka rangi ya fedha, na ukikinyanyua kikopo unakiona chepesi, mwagilia. Peleka kwenye sinki, mimina maji mengi yapite kabisa, yatoke chini, kisha acha yachuruzike robo saa kabla ya kukirudisha ndani ya chungu cha kauri. Mwagilia asubuhi, usiku uingie mmea ukiwa umekauka juu. Na maji yakituama pale katikati majani yanapokutana, yafyonze kwa tishu. Okidi ya namna hii hukua kutoka ncha moja tu. Pale pakioza, kwa kawaida safari ya mmea imeishia hapo.

Jambo hili nilijifunza kwa bahati mbaya iliyogeuka nzuri. Okidi yangu ya pili niliiweka dirisha la bafuni, nikapata msiba Moshi, nikakaa huko wiki tatu. Nilirudi nikiwa nimeshaiaga moyoni. Nikakuta jani gumu, limesimama, na pembeni mzizi mpya wenye ncha ya kijani inayong'aa unatafuta njia ya kutokea. Unyevu wa bafuni na hewa ya dirishani vilikuwa vimefanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Nilikaa kwenye ukingo wa ndoo nikacheka peke yangu.

Kigamboni wengi mnatumia maji ya visima, na mengine yana chumvi. Ukiona juu ya mkaa pamefanya ukoko mweupe, hiyo ndiyo chumvi inayobaki maji yakikauka, na inaunguza ncha za mizizi. Masika na vuli kinga maji ya mvua kwenye ndoo, weka ya kutosha kwenye dumu lenye kifuniko. Okidi haina gharama, ndoo moja inakwenda mbali.

MWANGA NA CHAKULA

Msituni jua huifikia likiwa limechujwa na majani. Ndani ya nyumba, dirisha la mashariki ndilo bora, linapata jua la asubuhi lisilochoma. Dirisha la magharibi bila pazia jepesi litaunguza majani, utaona mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Jipime hivi saa sita mchana: nyosha mkono juu ya mmea. Kivuli kikiwa kikali kama kimekatwa kwa mkasi, jua limezidi. Kikiwa hafifu lakini unaona umbo la mkono, hapo ndipo. Kisipoonekana kabisa, sogeza karibu na dirisha. Jani lenyewe nalo linasema: likiwa kijani cha pera bichi, vizuri, kijani kizito cha chupa, giza limezidi, likiingia manjano na wekundu, jua limezidi.

Mbolea isubiri mpaka uone mzizi mpya au jani jipya. Mgonjwa hatumlishi pilau. Ukiiona dalili hiyo, chukua mbolea ya NPK ya kuyeyusha kwenye maji, yenye viwango sawa kama 20-20-20, na uweke robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mara moja kila wiki mbili yatosha, na mizizi iwe imeshaloweshwa kwa maji matupu kwanza. Mara moja kwa mwezi mimina maji matupu mengi, yaoshe chumvi iliyobaki.

Maua yatarudi lini? Sikudanganyi, kwa mmea uliopoteza mizizi yawezekana ni mwaka au zaidi. Na Phalaenopsis ina tabia moja inayotusumbua watu wa pwani: joto la mchana na usiku likikaa juu moja kwa moja, inatoa majani tu. Inasubiri wiki kadhaa za ubaridi ndipo ianze kikonyo. Nafasi yako ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Miezi hiyo usiku iweke karibu na dirisha lililo wazi ipate ubaridi wa alfajiri. Kikonyo kipya utakitofautisha na mzizi kwa ncha yake: mzizi ni mviringo, unang'aa, kikonyo kina ncha kama kiganja kidogo kilichofunga vidole.

WENGINE WALIOULIZA

Tukiwa hapo hapo, kuna wadogo zangu wengine watatu wenye maswali ya okidi, nawajibu kwa pamoja.

Wa Arusha anasema yake ina miaka miwili haijatoa ua, na majani "ni mazuri ajabu, kijani kibichi cha kukoza". Hayo majani ya kukoza ndiyo jibu lenyewe, mdogo wangu. Baridi unayo ya bure, unachokosa ni mwanga. Itoe kwenye kona ya sebule, isogeze dirishani polepole kwa wiki mbili ili isishtuke. Ukitaka ya pili, huko kwenu tafuta Cymbidium, ile yenye majani marefu kama nyasi ndefu. Hiyo inapenda usiku wa baridi. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tukiipanda tunapata majani tu. Kwetu nyepesi zaidi ni Dendrobium zinazopenda joto, na Vanda kwa mwenye muda, kwa sababu Vanda huning'inizwa mizizi ikiwa wazi na yenyewe ndiyo hutaka maji kila siku. Na mwenye Dendrobium asikate mashina yake ya zamani yasiyo na majani. Ni ghala la chakula, na mara nyingine hutoa maua tena.

Wa Mombasa ameona "pamba nyeupe" kwenye maungio ya majani, na sisimizi wanapanda chunguni. Hao ni vidung'ata, wanafyonza utomvu, na sisimizi wanawalinda kwa sababu ya majimaji matamu wanayotoa. Kwanza tenga okidi hiyo na mimea mingine. Lowesha pamba kwa spiriti, futa kila unapowaona, chini ya majani na kwenye mikunjo usipasahau. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai huyaoni. Na sisimizi wazuie kwa kusimamisha chungu juu ya kibweta kilichowekwa kwenye sahani ya maji, maji yasiguse chungu.

Wa tatu ni kaka yetu aliyeko Muscat. Okidi yake ilikuwa na matumba tisa, yakageuka njano na kudondoka kabla ya kufunguka. Kaka, naona mambo mawili. Kiyoyozi kinapuliza hewa kavu, na tumba halivumilii kavu. Itoe mbele ya kiyoyozi, weka chini ya chungu sahani pana yenye kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto. La pili, uliniambia inakaa mezani. Mezani pana nini? Ndizi zinazoiva, maembe? Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hudondosha matumba ya okidi. Chagua kimoja kihame.

KABLA HUJANUNUA YA PILI

Nimesikia mara nyingi kwamba okidi ni ua la kizungu. Hilo nalikataa. Kwenye miti ya pwani yetu na bara kuna okidi iitwayo Ansellia, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ya chui, inakaa juu ya miti mikubwa na watu wanapita chini yake bila kuinua macho. Nyanda za juu kusini kuna Kitulo, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, zikiwamo okidi nyingi zinazoota ardhini. Na vanila unayotia kwenye keki ni okidi pia, mmea wa kutambaa unaolimwa Zanzibar, Kagera na Uganda. Ua lake hufunguka siku moja tu, na mkulima hulichavusha kwa kijiti. Njia hiyo aliigundua mwaka 1841 kijana wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius. Biashara nzima ya vanila katika bahari yetu imesimama juu ya mikono ya mtoto yule.

Nayasema haya kwa sababu yupo atakayekuletea okidi ya msituni, imeng'olewa na gome lake, bei ya kutupa. Usinunue. Huko Kitulo na jirani zake, viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia, ambako husagwa pamoja na karanga na kupikwa chikanda. Na kiazi kikichimbwa, mmea umekwisha. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula ndani, na msituni haichipui bila kukutana na kuvu wa kuilisha. Inayong'olewa leo mara nyingi hairithiwi na mwingine. Biashara ya okidi kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo hata kubeba moja kwenye begi kuvuka mpaka bila kibali ni kosa.

Nunua iliyozalishwa bustanini. Ukifika kwa muuza miche usitazame maua, yatakuhadaa. Tazama mizizi, iwe minene na migumu. Shika shina, lisiyumbe. Chagua yenye matumba ambayo bado hayajafunguka, utaifaidi muda mrefu. Mwenye mwembe uani anaweza kuifunga Dendrobium kwenye kigogo chake kwa kamba ya makumbi, upande usiopigwa na jua la mchana, ikishika yenyewe kamba inaoza na kuachia. Mpera na mkaratusi usiitumie, inaambua magome, na mpangaji ataanguka pamoja na ukuta.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu wa Kigamboni. Yale majani mawili ya njano ya chini yaache yaanguke yenyewe. Mwonyeshe mumeo mizizi utakayokata, acheke nawe. Ikipona, mwaka mmoja au mwingine huenda ikafanya jambo zuri: juu ya kikonyo, mahali ulipotarajia ua, kitachomoza kitoto chenye majani mawili matatu na mizizi yake. Usikiwahi. Ngoja mizizi ifike urefu wa kidole cha shahada, ndipo ukikate na kukipanda kwenye kikopo chake, mkaa na makumbi kama hivi.

Halafu mpelekee wifi. Akikuuliza amwagilie mara ngapi kwa wiki, mgeuzie kikopo upande wa mizizi, umwambie asome mwenyewe.

Wenu,
Dada